Albamu Zinazoanza kwa Kuaga

Mimi ni mshonaji, na sijawahi kuandika kitu cha kusomwa na watu isipokuwa orodha. Kila tarehe kumi na mbili Desemba, wakati wengine wanasherehekea Jamhuri kwa kulala, mimi hupigilia karatasi ya manila kwenye mlango wa kibanda changu hapa mtaa wa Kongo, Kawangware. Juu yake huwa nimeandika kwa kalamu nene albamu kumi bora za mwaka. Nimefanya hivyo miaka minane. Watu hunicheka kwamba mwanamke wa miaka arobaini na moja anahangaika na mambo ya vijana, kisha hao hao hufika saa nane mchana kabla sijashika nyundo, wamewekeana dau la soda.

Njia yangu ni moja. Sitazami picha ya msanii na sisikizi sifa za redioni. Naweka albamu, nashona kaptura za shule, na nangoja mguu wangu. Mguu ukiacha kukanyaga cherehani bila mimi kuuambia, basi pale pana kitu, na hapo huchukua chaki nikapiga mstari nyuma ya mlango. Kila albamu hupata nafasi tatu za namna hiyo. Mwisho wa mwaka nahesabu mistari. Sipendelei mtu, na yeyote wa Kongo atakwambia hivyo, pamoja na wale wasionipenda.

Januari ya mwaka huu simu yangu kubwa iliangukia kwenye beseni la sabuni ikafa. Nikarudi kwa mulika mwizi, kile kisimu kidogo cha tochi, na kwa ajili ya muziki nikanunua redio ndogo ya kuchomeka flashi, ile inayoonyesha namba ya wimbo na basi, jina haikwambii. Kila Jumamosi nilimpelekea Geoffrey Kilonzo flashi yangu. Kilonzo ni Mkamba wa Kitui, ana kibanda cha filamu na nyimbo mita chache kutoka kwangu, na hakuna albamu inayosikika Kongo bila kupitia kwenye kompyuta yake. Alinijazia, nikalipa, nikaenda kushona.

Februari mama yetu alifariki huko Vihiga. Aliumwa siku nne tu. Nilikuwa nimeahidi kumshonea nguo ya kitenge cha kijani tangu Krismasi, na alipofariki ilikuwa na mkono mmoja. Akazikwa na sare ya akina mama wa kanisa, ambayo sikuishona mimi. Ile nguo ya kijani nilirudi nikaikuta kwenye msumari ilipokuwa, na pale ikabaki mwaka mzima. Mbula, jirani yangu mwenye saluni, aliwahi kuuliza ni ya mteja gani. Nilimjibu vibaya, na hakuuliza tena.

Labda ndiyo sababu sikutulia mwaka huu. Kila albamu niliyoweka iliniudhi kwa jambo lile lile, kwamba haikujua kuanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa pole pole na wa kuaga, msanii anamshukuru Mungu, anamshukuru mtayarishaji, anamshukuru hadi aliyempiga picha. Kisha wimbo wa pili ndio unapiga hodi. Na mwishoni albamu ilikatika tu, hata kwaheri hakuna. Nilimlalamikia kila aliyeleta suruali kupunguzwa. Mbula alisema labda ni fasheni. Nikasema basi ni fasheni ya watu waliochanganyikiwa.

Oktoba ndugu yangu alitoa albamu. Ambrose Shivachi ni mdogo wangu kwa miaka sita, na tumezaliwa wawili tu. Anatengeneza vitanda pale Makina, Kibera, na kwa miaka mitatu jioni zake zote alizimalizia kwenye chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, akirekodi nyimbo kumi. Aliiita *Mbao Mbichi*. Alikuja mwenyewe kuniambia kwamba ameiacha kwa Kilonzo kwa sababu simu yangu haiwezi kuipokea. Hakuniomba nimpendelee. Alisema tu niisikize nikiwa nimetulia.

Nikaichomeka, nikakaa, nikashika kaptura. Sauti ya kwanza iliyotoka kwenye redio ilikuwa ya mama. "Haloo. Haloo. Shivachi?"

Nilizima. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena, nikatoka nje nikarudi. Nilikuwa na hasira ambayo sijui hata leo niielezeje. Miezi minane hajazungumziwa hapa ndani, halafu mtoto wake anamweka mlangoni mwa albamu, kabla ya ngoma, kabla ya gitaa, ili kila anayeingia amwonee huruma kwanza. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nikaruka hadi namba mbili na kusikiza zilizobaki, mara tatu kama kawaida, na kila mara niliiruka namba moja. Na niseme ukweli wote. Mguu wangu uliacha kukanyaga mara saba. Sikupiga mstari hata mmoja. Nilijiambia ni mkanda wa cherehani umelegea.

Tarehe kumi na mbili watu walijaa. Nikapigilia manila, na kichwa chake nilikuwa nimekiandika kwa herufi kubwa: MWAKA WA ALBAMU ZINAZOANZA KWA KUAGA. Namba moja alikuwa msichana mmoja wa Gatina anayeitwa Shiru, namba mbili kundi la benga la vijana watano, na kadhalika hadi kumi. Watu wakabishana, soda zikafunguliwa. Ndipo mmoja akauliza kwa sauti mbona *Mbao Mbichi* haimo, na wote tunajua ni ya nani. Nilipaswa kusema haikufika kumi na kuishia hapo. Badala yake nilisema, "Huyo amemweka mama yake mlangoni kuchangisha huruma. Mimi siwezi kuipa huruma namba."

Watu wakacheka, kwa sababu Desemba watu wanacheka tu. Kisha waliokuwa mbele wakaacha. Shivachi alikuwa nyuma yao, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa ametoka Kibera kuja kunisikiza. Aliweka soda yake juu ya ngazi ya saluni ya Mbula, ikiwa bado imejaa, akaenda zake.

Jioni hiyo aliniandikia ujumbe. "Sista, mambo ya nguo za mama enda peke yako. Mimi nitaenda siku zangu."

Hapo lazima nieleze. Krismasi hii ndiyo tulikuwa tumepanga kugawa nguo za mama. Kwetu nguo za marehemu haziachwi kwenye sanduku. Zinatolewa nje, ndugu wanakaa pamoja, na kila mmoja anaondoka na kitu. Wanaoanza kushika ni watoto. Mama mdogo Immaculate alikuwa amepiga simu mara mbili kuhakikisha kwamba tunakuja wote wawili, tarehe ishirini na tatu. Nikienda peke yangu, kila mtu nyumbani angejua kwamba watoto wa marehemu Kavogoi hawasemezani, na mama yao hajamaliza mwaka. Lakini hilo la watu ningeweza kulibeba. Nisingeweza kufungua lile sanduku bila Shivachi.

Nilimpigia. Hakushika. Nilipiga tena kesho yake na kesho kutwa. Nilianza kaptura tatu na sikumaliza hata moja, katika mwezi ambao wazazi wote wa Kongo wananidai sare za Januari. Uzi ulikatika, nikatunga, ukakatika. Nilienda mtaa wa Satellite kununua vifungo nikakumbuka njiani kwamba ninavyo debe zima, na bado nikaenda. Niliitoa orodha mlangoni nikafuta namba saba, nikairudisha, nikaitoa. Mbula alisema nikae chini jameni, namtia kizunguzungu yeye na wateja wake.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa napinda kiuno cha kaptura, na kati yangu na saluni ya Mbula kuna mabati tu. Upande wa pili akaweka muziki kwenye simu yake. Gitaa likaanza, likifuatwa na msumeno, msumeno wa kweli unakata mbao kwa mdundo, na sauti ya Shivachi ikaingia juu yake. Niliujua wimbo. Kwangu ulikuwa namba mbili. Nikajiambia kwamba Mbula naye amemruka mama, na nikaona vibaya kidogo, ingawa mimi ndiye niliyeanza kumruka.

Ukaja wa tatu, wa nne. Sikuwa nasikia maneno vizuri kwa sababu ya dryer ya nywele, lakini nilikuwa najua kila mmoja unapofuata. Ukafika nilioujua kama wa kumi, ule ambao kwangu uliishia kwenye ukimya na kuniacha nikisema hawa watu hawajui kumaliza. Safari hii hapakuwa mwisho. Gitaa lilipungua, msumeno ukasimama, kukawa kimya, kisha kwenye ule ukimya akaja mama. "Haloo. Haloo. Shivachi?"

Niliingia kwa Mbula na sindano bado iko mdomoni. Alikuwa ameshika kichwa cha mtu nusu kimesukwa. Nikamwuliza ameipangaje upya ile albamu.

"Sijapanga kitu, dada," akasema. "Shivachi alinitumia mwenyewe. Ndivyo iko. Shosh, mama yenu, anakuja mwisho."

Nilichomoa flashi kwenye redio nikaenda kwa Kilonzo bila kufunga mlango. Alikuwa anakula chapati. Nikamwambia anionyeshe hapo kwenye kompyuta jinsi anavyonijazia nyimbo, pole pole, kama mtu anayefundishwa. Akafuta mikono, akafungua albamu moja, akazichagua nyimbo zote kumi na mbili zikageuka rangi, kisha akashika ule wa mwisho na kuzivuta zote kwa pamoja hadi kwenye flashi. Nikamwuliza kwa nini ameshika wa mwisho. Akasema yeye hushika wa mwisho ili awe na hakika hajaacha wimbo wowote. Tukachomeka kwenye redio. Namba moja ikatoka: msanii anamshukuru Mungu, mtayarishaji na mpiga picha.

Kilonzo hakuelewa mara moja. Alisema kwenye simu hiyo si shida, simu inasoma majina na namba, ni hizi redio ndogo tu zinazocheza kwa jinsi nyimbo zilivyoingia, na unaoshikwa ndio unaoingia kwanza. Akauliza kwani shida iko wapi. Nikamwambia nimesikiza albamu thelathini na moja mwaka huu. Akaacha kutafuna. Alikumbuka kichwa cha manila, kwa sababu alikuwa amekisoma kwa sauti na kukisifu. Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaona afadhali asicheke.

Sikurudi kushona. Nilitembea hadi Kibera, kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye kiti cha gari hata kwa dakika tano. Nilishuka Naivasha Road hadi Junction, nikafuata Ngong Road, nikakata kupitia mtaa wa Jamhuri. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na maneno yote yalianza na Kilonzo. Kwamba ni Kilonzo alishika wimbo wa mwisho. Kwamba ni redio. Kwamba mtu yeyote angekosea. Nilipofika Makina nilikuwa nimejisamehe karibu kabisa.

Shivachi alikuwa anapiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda. Aliniona, akaendelea kupiga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye maranda, flashi mkononi kama ushahidi. Alisikiza hadi mwisho. Kisha akaweka msasa chini.

"Sawa, Kilonzo alikosea," akasema. "Sasa tuseme hakukosea. Tuseme ni mimi nimemweka mama mwanzo, kwa sababu nimetaka. Ungenipigia tu uniulize, 'Shivachi, mbona mama ako hapa?' Namba yangu ulikuwa nayo. Ukaamua kuambia watu wa soda."

Nilitia kile kipande cha plastiki mfukoni. Nilimwambia nimekosa. Nikamwambia pia lile la mguu, kwamba uliacha mara saba na nikaficha mistari. Hilo lilimwumiza kuliko yote, niliona. Aligeuka akaanza kukusanya misumari ambayo haikuwa imemwagika.

Baadaye akauliza, bila kunitazama, kama sasa nimejua ilivyopangwa, iko namba ngapi.

Nilijua anachotaka na nilijua ninachoweza kusema ili tarehe ishirini na tatu iwe salama. Nikasema, "Sijui. Bado sijaisikia."

Shivachi akatoa simu, akaiunganisha na spika iliyokuwa kwenye rafu ya gundi, akaniwekea kiti kisicho na mgongo. Yeye akarudi kwenye ubao wake. Nikasikiza *Mbao Mbichi* kuanzia msumeno wa kwanza, kwenye karakana yake, mchana kweupe, wateja wakipita na kuuliza bei. Sikuwa na cherehani ya kukanyaga, hivyo mguu ulikuwa hauna kazi, na machozi yalianza kwenye wimbo wa tatu, sikuyazuia. Wimbo wa mwisho ukapungua. Ukimya ukaja. Nikataka kuinuka.

Shivachi akasema, "Kaa."

Mama alizungumza Kimaragoli, na mimi, Kavetsa wake, nitawapa kwa Kiswahili. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mwisho wa Januari. "Haloo. Haloo. Shivachi? Nimeona simu yako, nilikuwa kwa kuku. Kavetsa akikupigia mwambie ile nguo asikimbizane nayo. Najua ana kaptura za watu, shule zimefunguliwa. Mimi nguo ninazo. Ashone akipata nafasi. Ila mikono asifanye mirefu, kila mara ananishonea mikono ya mchungaji. Haya. Hii kitu inazimwa wapi?" Kisha kuku, na kwa mbali mama akimwuliza mtu mwingine inazimwa wapi.

Mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba alikufa akiningoja. Nililia kwa sauti, kwenye kiti kile, na mteja aliyekuwa anapima kitanda akaondoka pole pole. Shivachi hakunishika wala kuninyamazisha. Alisema tu alijaribu kuniambia baada ya matanga, mara mbili, na nilimkatiza. Ndipo akaamua kuiweka mahali ambapo alijua nitaisikiza mara tatu. Nilipomwuliza kuhusu safari, alisema ataona.

Nilirudi Kongo. Kesho yake asubuhi nilitoa nguo ya kijani kwenye msumari na kuipima mkono. Ulikuwa mrefu, tena sana, wa mchungaji kabisa. Nikaufumua, nikaupunguza hadi kwenye kiwiko, nikakata na wa pili. Kilonzo alikuwa amenijazia flashi upya, bure, amevuta wimbo mmoja mmoja kwa mkono. Nilicheza *Mbao Mbichi* mara mbili nikishona, na sikuruka kitu. Kaptura za watu zilingoja.

Tarehe ishirini na tatu, saa moja asubuhi, nilikuwa nafunga mfuko wakati Shivachi alipotokea kwenye uchochoro na begi lake. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya mlango akisoma manila mpya niliyokuwa nimepigilia, na akaisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno. "Orodha ya tarehe kumi na mbili imefutwa. Nilisikiza albamu zote zikiwa zimepangwa vibaya na sikuuliza mtu. Ya ndugu yangu niliisema vibaya mbele yenu kabla sijaisikia. Nawaomba msamaha, na yeye zaidi. Kavetsa." Chini yake kulikuwa na namba, moja hadi kumi. Tisa kati yake zilikuwa tupu, na kwenye moja nilikuwa nimeandika *Mbao Mbichi*.

"Nne," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nne.

"Na hizo zingine hazina watu."

Nikamweleza kwamba zitajazwa Januari nikishazisikiza upya, lakini tatu zitakazoipita nazijua tayari, hata zikichezwa kuanzia nyuma. Akauliza kilichoikosesha tatu ni nini. Nilikuwa nimelala na swali hilo siku nne, na jibu lake halikuwa limebadilika.

"Wimbo wa sita ni mrefu."

Aliniangalia, akaangalia ile nne, na kitu kikaanza kumtikisa mabega. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Februari. Alicheka hadi Mbula akafungua dirisha la saluni kuona kuna nini. Akasema huo wa sita hata kule studio walimwambia akate, akakataa. Kisha akachukua mfuko wenye nguo ya mama, akautundika begani mwake, na kuniuliza kama nimekumbuka kufunga mlango.